Toa, Ingiza

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, jua likiwa bado halijawa kali, kwenye uzio wa kuchanjia nyuma ya soko la mifugo. Mama Pacha alifika mapema kuliko karibu wote. Alikuja na mumewe, ng'ombe watatu na ndama mmoja, wote wamesuguliwa hadi matope yakatoka, wana hereni za namba masikioni. Simu ilikuwa imelala kwenye chaji usiku kucha ili isije ikamwaibisha mbele za watu.

Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeshafika ng'ambo ya mto. Mama Pacha alizipata habari hizo kwenye simu kabla redio haijazisema. Ile programu ya wafugaji, ambayo watu waliiita Zizi la Simu, ilikuwa ikituma habari za msimu kila Jumatatu: kupe wameongezeka, ogesha, mvua itachelewa, kata majani uyakaushe, ugonjwa unakuja, chanja. Mwaka uliotangulia ilisema mvua itachelewa, na mvua ikachelewa kweli. Ng'ombe wa Mama Pacha walikula majani makavu hadi wakabeua, huku wa majirani wakilamba kuta. Tangu hapo akaiamini simu ile kama wengine wanavyomwamini daktari.

Bwana mifugo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kishikwambi magotini, boksi la barafu miguuni. Kazi yake ilikuwa kusoma namba ya hereni na kuangalia rangi. Ikitokea kijani, msaidizi anachoma sindano. Ikitokea nyekundu, mnyama anasogezwa pembeni.

Bahasha alitangulia. Alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe la pembe nne kwenye paji la uso, na maziwa yake ndiyo yaliyowaweka pacha shuleni.

Nyekundu.

Akafuata Shangazi, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa na tabia ya kuingia jikoni bila hodi. Nyekundu. Akafuata Tulia, asiyejua kutulia, na ndama wake ambaye bado hakuwa na jina. Nyekundu, nyekundu.

"Mama, hawa umewanunua wapi?" aliuliza bwana mifugo.

"Sijawanunua. Huyu Bahasha nimemvuta mwenyewe tumboni mwa mama yake, mkono umezama mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

"Mfumo unasema ni wageni. Wameingia jana jioni."

"Ndiyo, jana jioni waliingia. Walikuwa malishoni."

"Na juzi wakaingia tena."

"Juzi waliingia. Ulitaka walale nje?"

Foleni ikacheka. Bwana mifugo hakucheka. Aligeuza kishikwambi ili Mama Pacha aone mwenyewe. Mistari ilikuwa imepangana kama nyayo za siafu: ametolewa, ameingizwa, ametolewa, ameingizwa. Kwa mujibu wa kishikwambi, nyumba ile ilikuwa ikiondokewa na ng'ombe wake wote kila asubuhi na kupata wengine wapya kila jioni. Hapakuwa na mchuuzi wa mifugo aliyewahi kufanya biashara ya kasi hiyo.

"Mama, wewe Toa unaibonyeza lini?"

"Wakitoka kwenda malishoni. Kama tulivyofundishwa."

"Toa ni mnyama akifa. Au akiuzwa. Ukimtoa, ametoka moja kwa moja. Ukimwingiza tena, huyo ni mwingine, mgeni. Na mgeni hachanjwi mpaka aangaliwe wiki tatu."

"Basi si unawaona? Ni walewale."

"Mimi nawaona. Hiki ndicho hakiwaoni."

Mumewe, mtu asiyependa maneno, aliyeitwa Mpole hata na watoto wake, akasogea kidogo. "Mchome tu, ndugu. Kishikwambi hakina macho."

"Kina, mzee. Nikichoma kwenye nyekundu, dozi inahesabiwa imeibwa, na mwizi ni mimi. Nina watoto kama wewe. Tafadhali sogeeni, wengine wapite."

Wakasogea. Aliyepita nyuma yao alikuwa jirani yao, Bwana Kesho, aliyepata jina hilo kwa sababu ua wake, paa lake na deni lake la dukani vyote vilikuwa vya kushughulikiwa kesho. Ng'ombe wake walikuwa na matope hadi mbavuni. Kijani, kijani, kijani, mpaka akamaliza.

"Shemeji," alimwambia Mama Pacha akipita, "mimi ile programu niliifungua siku ya mafunzo, basi. Simu yenyewe nimempa mtoto anachezea magari."

"Nenda zako, Kesho."

"Nakwenda leo," alisema, na foleni ikacheka tena.

Mpole alibaki hadi mchana, akitumaini kwamba watu wakipungua na huruma itaongezeka. Alichokiona ni msaidizi kuinua chupa ya mwisho, kuitazama kwenye mwanga, na kumwaga yaliyobaki kwenye shimo. Chupa ikishafunguliwa hailali, aliambiwa, ndivyo sheria inavyosema. Hayakuwa mengi yaliyomwagwa. Yangetosha ng'ombe watatu na ndama.

* * *

Nyumbani, mama mzazi wa Mpole alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage. Akasikiliza habari nzima bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "mwaka mzima mkwe wangu amekuwa akiwaua asubuhi na kuwafufua jioni."

"Mama, acha utani," alisema Mpole.

"Siyo utani. Nauliza kama nimeelewa."

Mama Pacha alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mlango wazi, simu mkononi, akikisoma kile kitufe kana kwamba hajawahi kukiona. Kilikuwa na herufi tatu. Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia ng'ombe lango, alikuwa akisimama pale zizini na kuwagusa kwa majina: Bahasha, Toa. Shangazi, Toa. Tulia na mwanawe, Toa. Jioni akirudia kwa Ingiza. Hakuwahi kuruka siku. Alipokuwa na homa, aliamka akiwa amejifunga shuka, akabonyeza, akarudi kulala.

Walioitunga programu ile hawakuwahi kulala na harufu ya zizi. Walikaa mahali penye feni, wakatafuta neno fupi linaloenea kwenye kitufe, wakalipata, wakaenda kula. Haikumjia hata mmoja wao kwamba kwa mtu anayefuga, kutoa ng'ombe ni kazi ya kila asubuhi, kama kunawa uso.

"Lakini hata wewe," alisema Mpole kutoka uani, "ungeuliza."

"Niulize nini?"

"Uulize. Simu gani inataka kujua ng'ombe ameenda kula majani?"

"Hiyohiyo iliyojua mvua itachelewa. Majani yalipokuwepo hukuuliza."

Mpole akachukua ndoo, akaenda kukamua, ingawa muda wa kukamua ulikuwa bado. Bibi akaendelea kuchambua. Maharage mabovu aliyatupa mbali, akilenga jogoo.

* * *

Ijumaa wakaenda ofisi ya mifugo kumwona Mkuu wake. Mama Pacha alivaa viatu vyake vya harusini, akavipangusa mara mbili njiani. Katibu aliwapokea akiwa bado anaandika. Kisha akanyanyuka, akafungua dirisha lililokuwa nyuma yao, akarudi kukaa.

"Mmetoka zizini moja kwa moja?"

"Tumetoka nyumbani," alisema Mama Pacha.

"Kuna benchi pale nje, lina hewa nzuri."

Walikaa kwenye hewa nzuri mpaka Mkuu alipomaliza mkutano, kisha mpaka alipomaliza chai. Ukutani ofisini mwake palikuwa na bango la mchungaji anayetabasamu, simu mkononi, ng'ombe safi nyuma yake. Mkuu alizungumza na Mpole.

"Mzee, mke wako alihudhuria mafunzo?"

"Muulize, yuko hapa."

Mkuu akatabasamu, akaendelea kumtazama Mpole. "Tatizo letu siyo mfumo. Mfumo uko sahihi kabisa. Tatizo ni mtumiaji. Kata yenu imefikisha asilimia tisini na sita ya chanjo. Tumepongezwa kwa barua."

"Hizo nne zilizobaki ndizo zetu?" aliuliza Mama Pacha.

"Asilimia siyo ng'ombe, mama."

Akaitwa aliyewafundisha, ambaye wafugaji walimwita Mwalimu wa Simu. Aliingia akiwa na kadi ya kazi shingoni, akasalimia vizuri, akasimama karibu na mlango.

"Mwalimu, unanikumbuka?"

"Wengi walihudhuria, mama."

"Nilikaa mbele. Ulisema, 'Mnyama akitoka, bonyeza Toa. Akiingia, bonyeza Ingiza.' Ukatuambia turudie sote, tukarudia kama watoto wa darasa la kwanza. Ukanisifu sauti."

"Nilimaanisha akitoka kwenye umiliki."

"Hilo neno siku ile hukuja nalo."

Mwalimu wa Simu akaitazama kadi yake. "Inaeleweka, mama. Wengine wote hawajapata shida."

Ni kweli, hawakupata. Baada ya kunywa soda ya mafunzo, wengine wote hawakuifungua programu tena. Namba zao zilikaa zilivyoandikwa siku ya kwanza. Yuko aliyekuwa amechinja fahali mmoja na kuuza mitamba miwili, na kwenye mfumo wote walikuwa hai, wa kijani, na wamehesabiwa wamechanjwa pamoja na wenzao. Barua ya pongezi iliwahesabu na hao.

"Nani anaweza kuibadilisha hiyo nyekundu?" aliuliza Mpole.

"Makao makuu tu."

"Tuwapigie."

"Kuna namba, mnaweza kupiga wenyewe."

Walipiga wakiwa pale pale kwenye benchi la nje. Muziki ulicheza hadi salio likaisha.

Kabla hawajaondoka, Mkuu alitoka kwenda kwenye gari lake, akasimama karibu nao. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kitambi na uchovu. Safari hii alimtazama Mama Pacha. "Msiiguse simu kabisa. Wiki tatu. Wasitoke, wasiingie. Zikiisha, mfumo wenyewe utawapa kijani, na mimi nitawaletea mchanjaji mpaka mlangoni. Neno langu hilo."

"Na ugonjwa nao umeambiwa usubiri?" aliuliza Mama Pacha.

Mkuu akafungua mlango wa gari. "Ombeni Mungu," alisema.

* * *

Walitii. Ng'ombe wakafungiwa zizini, wakawa wanakatiwa majani na kuchotewa maji. Mpole alikwenda na panga asubuhi na jioni, akirudi na mzigo kichwani, na majani hayakutosha. Shangazi alisimama langoni akilia kwa sauti nene, akishangaa kosa lake.

"Wafungwa wako wanalalamika," Bibi alimwambia mwanawe.

"Wamebakiza wiki mbili."

"Wakili wao yuko wapi?"

"Ameshika simu na haruhusiwi kuibonyeza," alisema Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano wakacheka wote watatu, kila mmoja akitazama upande wake.

Simu yenyewe haikunyamaza. Jumatatu ilileta habari za msimu kama kawaida. Mama Pacha akaisomea nyumba kwa sauti, kama alivyozoea. Mvua za masika zitakuwa za wastani. Hifadhi maji. Kisha: "Mfugaji, ugonjwa wa miguu na midomo umeripotiwa katika kata jirani. Je, umeshachanja? Usisubiri."

"Ijibu," alisema Mpole.

"Haipokei majibu."

"Kuuliza inajua."

Jumatatu iliyofuata ikauliza tena, ikaweka na picha ndogo ya sindano.

Alhamisi asubuhi Bahasha hakusimama kumpokea mwenye ndoo. Mate yalimtoka kama povu la sabuni, marefu, yakifika chini bila kukatika. Mama Pacha akamfungua mdomo, akaona ngozi ya ulimi imebanduka. Hakumwita mtu. Alikaa pale kwenye majani machafu, mkono wake ukiwa juu ya lile baka jeupe, mpaka mumewe alipokuja kuuliza mbona maziwa yamechelewa.

"Leo hakuna," alisema.

Siku mbili baadaye Shangazi akawa anachechemea, na Tulia akafuata. Hawakufa. Ng'ombe wakubwa ni nadra kufa kwa ugonjwa huo. Wanakonda na kukauka, na maziwa yakirudi hurudi kidogo, kama mgeni aliyechukizwa. Bahasha, aliyekuwa akijaza ndoo, alitoa maziwa kiasi cha kikombe, tena yenye mabonge. Mpole alikwenda shuleni, akazungumza na mwalimu mkuu akiwa ameshika kofia mikononi, akarudi na pacha wote wawili wakiwa na mabegi yao. Waliambiwa ni mpaka mambo yatengemae. Hakuna aliyewaambia yatatengemaa lini.

Ndama alikufa Jumapili asubuhi. Alikuwa ananyonya. Alivuta chuchu ya mama yake mara mbili tatu, akaanguka kwa magoti ya mbele kama mtu aliyejikwaa, hakuinuka. Tulia aliendelea kumlamba mgongo kwa ulimi wenye vidonda.

Bwana Kesho alikuja na jembe kabla hajaitwa. Mpole alikuwa ameanza kuchimba, akampisha. Walichimba kwa zamu, kina kirefu, wakatupia majivu, na hakuna aliyetaja kesho. Alipomaliza, jirani yule alisimama mbele ya Mama Pacha, akipangusa mikono kwenye suruali.

"Shemeji, ile siku ya foleni nilikutania."

"Nilikusikia."

"Wangu ni wazima wote. Hata sijui niseme nini."

"Usiseme. Nenda kawakatie majani. Na msimu huu usiwapitishe huku kwangu."

"Watoto waje kuchukua maziwa jioni. Ya kunywa tu, siyo mengi."

Mama Pacha alitikisa kichwa kukubali, akaingia ndani haraka.

* * *

Wiki tatu zilitimia. Simu ikalia ikiwa juu ya kabati: "Hongera mfugaji. Wanyama wako wanne wamemaliza muda wa kuangaliwa. Sasa wanaruhusiwa kupata chanjo."

Mkuu alikuwa mtu wa kutimiza neno lake. Mchana ule ule gari lilisimama langoni, wakashuka bwana mifugo na boksi lake la barafu, na Mwalimu wa Simu na kadi yake. Walivaa buti mpya za mpira. Bibi akawatolea viti viwili, akabaki amesimama.

Bwana mifugo alisoma hereni ya Bahasha. Kijani. Akasoma ya Shangazi na ya Tulia. Kijani tupu, rangi nzuri kabisa. Kisha akainama, akawatazama midomo, akatazama kwato, akafunga boksi lake taratibu.

"Hawa wameshaugua," alisema. "Siwezi kuchoma mnyama mwenye vidonda."

"Lakini sasa kinawaona," alisema Mama Pacha. "Hicho kishikwambi."

Bwana mifugo alitoa chupa ya dawa ya vidonda kutoka mfukoni mwake mwenyewe, akamkabidhi Mpole, akamweleza jinsi ya kuosha miguu. Akaenda kusimama karibu na gari.

Mwalimu wa Simu alibaki na kishikwambi. Alikihitaji kwa kazi nyingine. "Mama, wanaonekana wanne. Mimi nawaona watatu."

"Wa nne yuko kule nyuma ya nyumba. Tumemzika."

"Poleni sana." Akakitazama tena kishikwambi. "Sasa, ili hesabu ya kata ikae sawa, inabidi mumtoe. Ripoti inafungwa leo jioni, na mwenye zizi ndiye anayetoa."

"Wewe bonyeza," alisema Mpole.

"Haikubali kwangu. Ni mpaka simu ya mama."

Mama Pacha aliingia ndani, akatoka na simu. Pacha walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango, mmoja amevaa shati la shule bila sababu. Akautafuta ule ukurasa wa zizi ambao hakuwa ameugusa tangu walipokatazwa. Majina yalikuwepo yote. La mwisho liliandikwa "Ndama wa Tulia", kwa kuwa walikuwa wakisubiri aonyeshe tabia ndipo apewe jina.

"Nimtoe kwa neno gani?" aliuliza.

"Toa. Ni hilohilo, mama. Safari hii ndipo mahali pake."

"La kwenda malishoni lipo?"

"Hilo halipo. Kwenda malishoni hakuandikwi."

"Na ulipotufundisha ulijua kwamba halipo?"

Mwalimu wa Simu alitazama gari. Alikuwa bado na vijiji viwili vya kufungia ripoti siku hiyo. "Mama, tubonyeze tu, muda unakwenda."

Akabonyeza. Mlio mdogo ukasikika, ule ule wa kila asubuhi, na ule mstari ukafutika. Zizini Tulia aliinua kichwa, kwa maana mlio huo ndio uliokuwa ukitangulia kufunguliwa kwa lango. Akajikokota kwa kwato zake mbovu mpaka kwenye mti wa lango, akasimama akingoja.

"Ahsante sana," alisema Mwalimu wa Simu. "Sasa imekaa sawa."

"Haya, nimemtoa," alisema Mama Pacha, simu ikiwa bado imewaka mkononi mwake. "Na jioni nimwingize nani?"